Tatu Mbili Ndani ya 205,920

Jumamosi, 12 Juni 1954

Madaftari ishirini na saba. Wasichana kumi na tisa wamekosea kugawa kwa saba, palepale, kwa namna ileile. Maana yake mmoja amekosea na kumi na wanane wamenakili. Nitamjua.

Mama anafunga sita za baada ya Idi. Magoti yanamsumbua, ngazi anazipanda kwa kukaa kitako, daraja moja moja. Hataki kushikwa mkono.

Alasiri kaja mtu wa Ami Khamis na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ami ni ndugu wa marehemu Baba, fundi saa, anakaa Ng'ambo. Anakwenda Hija mwaka huu na anataka nyumba hii ya Kiponda igawiwe kabla hajapanda meli, asiende na haki za watu shingoni. Ndivyo anavyosema. Nyumba aliiacha Babu na tangu afe haijagawiwa. Miaka yote hiyo Ami hakukumbuka. Sasa amekumbuka.

Ndani ya karatasi, mwandiko wa Maalim Hilali, namba moja: 205,920. Chini yake: majina na sehemu zitasomwa Ijumaa, tarehe 2 Julai, baada ya sala.

Namba bila majina. Sipendi.

Jumapili, 13 Juni

Nimeipiga mwenyewe. Mirathi nilifundishwa na huyohuyo Maalim Hilali, chuoni kwake, nilipokuwa na miaka kumi na tatu. Niandike taratibu nisije nikajidanganya.

Nyumba haikatwi kwa msumeno. Hutafutwa namba moja ambayo kila mrithi atapata sehemu nzima, asibakiwe na nusu wala robo ya sehemu. Mrithi akifa kabla ya kugawa, namba hupigwa tena kwa ajili ya warithi wake. Ndiyo maana nyumba iliyokaa sana huwa na namba kubwa.

Babu aliacha wana wawili, Baba na Ami, na binti mmoja, Shangazi. Mwanamume mbili, mwanamke moja. Jumla tano.

Kisha Baba akafa. Akaacha mke, yaani Mama, na mtoto mmoja wa kike, yaani mimi. Mama thumni, moja ya nane. Mimi nusu. Kilichobaki kwa Ami na Shangazi. Yote yanaingia katika nane.

Kisha akafa Shangazi, huko Chwaka alikoolewa, akaacha mume, wana watatu na mabinti watano. Kumi na moja. Kisha akafa mumewe, aliyekuwa na mke mwingine na mwana mmoja kwa huyo. Ongeza mwana huyo, inakuwa kumi na tatu.

Nimepiga yote pamoja. Nimepata 91,520. Mama na mimi, robo ya nyumba. Ami, nusu nzima.

Wao wana 205,920. Zaidi ya mara mbili ya yangu. Kuna kitu kimetiwa humo.

Jumapili hiyohiyo, baada ya alasiri

Jambo ninalowafundisha watoto wa darasa la tano kila mwaka, na mimi nimekaa nalo siku nzima silioni. Jumlisha tarakimu. Mbili, sifuri, tano, tisa, mbili, sifuri: kumi na nane. Namba yao inagawika kwa tisa. Tisa, moja, tano, mbili, sifuri: kumi na saba. Yangu haigawiki hata kwa tatu.

Nikaivunja yao mpaka isivunjike tena. Mbili zimo tano, tatu zimo mbili, kisha tano, kumi na moja, kumi na tatu. Tano ni watoto wa Babu. Kumi na moja ni watoto wa Shangazi. Kumi na tatu ni wa mumewe. Mbili ni za wajane, tumezizoea.

Tatu mbili hazina mwenyewe. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayeleta tatu. Nimewahesabu wote, walio hai na waliokufa.

Jumanne, 15 Juni

Nimekwenda kwa Maalim Hilali baada ya shule. Jicho moja haoni kabisa, la pili anasema linaona kwa rehema. Nilikuwa na hakika amekosea. Kwa kweli nilikuwa natumai amekosea.

Nikampa shikamoo, akanijua kwa sauti. Nikamwambia namba ina tatu mbili nisizozijua. Uso ukamchangamka, kama zamani nilipotoa jibu kabla ya wanawe. Akasema ameipiga mara tatu, mara mbili kwa kalamu na mara moja kwa kichwa. Nikamuuliza tatu hizo ni za nani.

"Mwanangu, mie n'naambiwa warithi, napiga hesabu. Kusema si kwangu. Ngoja Ijumaa."

Basi ameambiwa. Na aliyemwambia ni Ami.

Ametaka kunipa kahawa. Sikunywa. Nimekataa kwa hasira, na kumbe nilikuwa nimefunga sita vilevile, nimesahau.

Jumatano, 16 Juni

Nimerudi shule nikamkuta mtu chumbani kwa Mama, na futi mkononi. Anapima ukuta hadi ukuta. Akapima na dari, amepanda juu ya kiti chetu na viatu vyake. Ametumwa na Ami Khamis, hana zaidi.

Mama amekaa kitandani anamtazama kama anayetazama mvua.

Nimejua sasa. Anauza. Mnunuzi hutaka vipimo kwanza. Mama ameingia nyumba hii akiwa na miaka kumi na saba, hajalala pengine tangu siku hiyo ila hospitali. Nusu ya nyumba iko kwa Ami kwa hesabu yangu mwenyewe, na hiyo haimtoshi. Ametia mrithi wa uongo atupunguze sisi, tukose hata sauti ya kukataa.

Ijumaa, 18 Juni

Nimemtafuta huyo mrithi wa uongo kwa kalamu.

Tatu huingia vipi katika mirathi? Njia iliyo nyepesi: mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Wa kiume mbili, wa kike moja. Nikamweka mwana mmoja kwa Baba, ubavuni pangu. Ndugu nisiye naye.

Robo yetu, Mama na mimi, ikawa sudusi, moja ya sita. Ami mwenyewe hapati kitu kwa Baba, maana mwana anamzuia. Hapo nikasita. Lakini nikajiambia, kama mwana huyo ni mtu wa Ami, atauza atakapoambiwa uza.

Jumla yake: 68,640. Tarakimu zake jumla ishirini na nne. Inagawika kwa tatu, haigawiki kwa tisa. Tatu moja tu.

Bado moja.

Ami amepita baada ya sala kumsalimia Mama. Amekaa kidogo, hakunitazama usoni. Ana mazoea hayo ya mafundi saa, kutazama mikono ya mtu. Nimeificha mikono chini ya kanga. Ilikuwa na wino.

Jumapili, 20 Juni

Nimeipata ya pili. Afadhali nisingeipata.

68,640 mara tatu ni 205,920. Kamili. Kwa hiyo mwana yumo, kisha kukaja thuluthi. Na thuluthi hiyo naijua. Mtu akifa hana mtoto, na ndugu yake hazidi mmoja, mama yake huchukua thuluthi.

Yaani mwana huyo si mtu wa kuzua aliye hai. Amekufa. Alikuwa hai Baba alipokufa, akarithi, kisha naye akafa, akaacha mama na dada mmoja. Dada ni mimi.

Na mama yake nani?

Nikamjaribu mwanamke mwingine. Baba na wake wawili, wanagawana ile thumni. Nikapiga upya kutoka mwanzo. 205,920. Ileile. Namba inajua kuwa mtoto alikuwepo. Haijui tumbo lililomzaa.

Mimi sijawahi kuwa na ndugu. Mama alinizaa mimi peke yangu, mtaa mzima unajua. Basi kulikuwa na mke wa pili, na Baba alikuwa akienda sana Chwaka kwa dada yake. Sasa najua alikuwa akienda kwa nani. Mama anakatwa nusu ya alichonacho. Mwanamke huyo, kwa thumni yake na thuluthi ya mwanawe, anapata zaidi ya mara nne ya Mama. Atakuja na watu wake, atafungua mlango wetu, atachagua chumba.

Nina hasira na mtu aliyekufa nikiwa na miaka mitano. Sina ninalolikumbuka kwake ila mkono wenye harufu ya karafuu, na hata huo sasa nautilia shaka.

Jumatatu, 21 Juni

Sikusema na Mama leo ila ya lazima. Amenitazama mara mbili. Anajua kitu. Aliyenakili siku zote hutazama mara mbili.

Niliyekuwa namtafuta darasani nimempata. Ni yule mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.

Jumamosi, 26 Juni

Chwaka, kwa gari ya asubuhi. Nimemwambia Mama nakwenda kumwona Mwanaisha, binti mkubwa wa Shangazi. Si uongo.

Mwanaisha alikuwa uani anapaa samaki. Amenizidi miaka sita na bado ananiita mtoto. Sikuzunguka. Nikamuuliza Baba alioa hapa? Akaacha kisu.

"Mjomba? Aoe hapa sisi tusijue? Chwaka hii mtu akinunua kuku wawili watu washauliza mgeni nani."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kuna mtoto wa kiume, amekufa. Hapo kicheko kikamtoka usoni. Akasema yeye hajui habari, ila mama yake, kila hitima, alikuwa akitaja maiti wake kwa majina, na mwisho husema: na yule mdogo wa kaka yangu. Wao watoto hawakuuliza. Jina hakuwahi kulisikia.

Kwa hiyo Shangazi alimjua. Nikazidi kuamini nimeshika.

Tukala. Mwanaisha akaanza kunichekesha na habari za utoto. Baba alipokufa nililetwa hapa nikae mpaka Mama atoke eda. Nalikumbuka hilo kidogo, mchanga, na mbuzi mweupe niliyemwogopa. Akasema nilifika siku chache baada ya Idi Ndogo, nikiwa na kanzu mpya ya Idi. Na alilia sana niliporudishwa, kwa sababu alitaka tusherehekee Idi Kubwa pamoja, lakini Shangazi alisema mamake keshatoka eda, mtoto arudi kwao.

Nikamuuliza ana hakika? Ana hakika. Idi Kubwa hiyo alichinjwa yule mbuzi mweupe, na mimi sikuwepo.

Nikaacha kula. Amedhani nimechoka.

Kati ya Idi mbili ni miezi miwili na siku kumi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hakuna mwanamke anayetoka eda nusu ya njia. Ila kwa jambo moja. Akiwa na mimba, eda yake huisha siku anapojifungua.

Nimeyahesabu hayo kwenye gari, njia nzima, kwa vidole, mimi mwalimu wa hesabu.

Jumapili, 27 Juni

Hakuna mwanamke mwingine. Ni Mama.

Nimemtazama leo akichambua mchele. Miaka ishirini na mitatu amekaa na jambo hili na hakunipa hata punje. Nimekaa naye sahani moja miaka yote hiyo, najiona mtu wa kugundua watu.

Lakini shaka haijaniacha, imehama tu. Mtoto akizaliwa maiti harithi. Ni kama hakuwepo, na namba inarudi 91,520. Ili arithi lazima awe ametoa sauti. Tatu hizo mbili zinasema mtoto alilia.

Nani alisikia? Mkunga, Bi Msimu, keshakufa zamani. Mama atasema alisikia, lakini Mama anafaidika, na neno la anayefaidika halitoshi. Bila kilio Ami ana nusu ya nyumba. Na kilio kikiwepo anapungua. Basi kwa nini amemweka mtoto? Mtu anayetaka kuuza haanzi kwa kujipunguzia.

Kuna mtego. Siuoni.

Nilitaka kumuuliza Mama. Nilifika mpaka nikakaa mkekani karibu naye. Akanisogezea ungo nimsaidie. Tukachambua.

Ijumaa, 2 Julai

Tumekaa ukumbi wa juu. Wanaume upande wa dirisha, sisi upande wa mlango. Mwanaisha amekuja na kaka zake, na mke wa pili wa baba yao na mwanawe. Maalim Hilali ameshikwa mkono ngazi zote. Ami amevaa kanzu iliyopigwa pasi vibaya.

Maalim alianza kutaja maiti kwa mpango wao. Babu. Baba. Kisha akasema: na mtoto wake mwanamume, aliyezaliwa baada yake, akalia, akafa siku ileile.

Mama hakuinua uso. Mkono wake ulinishika paja, chini ya kanga, ukabaki hapo.

Mwana wa yule mke wa pili, kijana mwenye haki yake, akauliza nani shahidi wa kilio hicho. Swali langu mwenyewe, nimesikia likitoka kinywa cha mtu mwingine.

Ami akajibu. Sikumbuki kumsikia akisema maneno mengi hivyo kabla ya leo.

"Mie. Nilikuwa nje ya mlango huu. Bi Msimu kaniita nimuadhinie. Kabla sijaingia nikamsikia, mara moja. Nikamuadhinia sikio la kulia. La kushoto sikuwahi kumaliza."

Akatazama mikono yake. Kisha akasema kuwa mkunga alimwambia siku ile: hakuna aliyesikia ila mimi na wewe na mzazi, na mzazi amezimia. Ukisema hakulia, hakulia. Ami akaenda kumwambia dada yake siku hiyohiyo, Chwaka, ili wawe wawili wanaojua, asije siku moja akashawishika peke yake. Shangazi naye alikuwa wa kupungua kwa kilio kile. Hakukikana. Alimtia katika hitima yake kila mwaka.

Mwanaisha akasema, na yule mdogo wa kaka yangu. Kaka zake wakaitika ndiyo, ndivyo alivyokuwa akisema. Yule kijana hakuuliza tena.

Maalim akasoma. Chwaka wote kwa jumla 41,184. Mama 26,312. Mimi 48,048. Ami 90,376.

Ami akasema, toa 8,008. Ndizo zilizomfikia kutoka kwa mtoto. Yeye hali kitu cha mtoto aliyemwadhinia. Apewe mamake. Maalim akapiga kwa kichwa, midomo inacheza, akasema Ami amebakiwa na 82,368.

Mimi nilikuwa nimeshapiga. Mama na mimi, ukizitia na zile 8,008, ni 82,368. Sawasawa naye, hata moja haizidi. Babu aliacha wana wawili, na leo wamelingana tena.

Nyumba haiuzwi. Watu wa Chwaka wametaka chumba kimoja cha chini wafikie wakija mjini, basi. Ami hakutaka chochote zaidi ya kupita akitaka kupita. Na yule mwenye futi ni seremala. Dari la Mama linavuja tangu masika, boriti tatu zimeoza, na Ami ametoa oda ya mpya kabla hajasafiri. Mama alijua. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza.

Nimeona haya. Sina neno jingine la kuandika.

Jumatatu, 5 Julai

Ami amekuja kuaga. Anapita nyumba zote, anaomba radhi kwa kila mtu, kama wafanyavyo wanaokwenda Hija. Alipofika kwangu akaanza: kama nimekukosea. Nikamkata. Nikamwambia Ami, mimi ndiye niliyekudhania mabaya, wiki tatu, na nimeandika.

Akasema, "Nilijua. Mikono yako ilikuwa na wino."

Amenisamehe. Nimemsamehe na mimi, ingawa sijui nini.

Jumamosi, 10 Julai

Meli imeondoka juzi.

Darasa la tano wamefanya kugawa kwa tisa. Mwenye mwandiko mzuri amekaa peke yake mbele na amepata yote. Sikumsema zaidi.

Mama amenieleza kidogo, kwa vipande, akishona. Alizinduka mtoto keshafunikwa. Wanawake wakamkataza kulia, wakamwambia huyo ni wake peponi, na mimi nilikuwa mdogo, nisitiwe huzuni mbili. Baadaye akaona umepita wakati wa kusema. Kilio chenyewe alikisikia kabla hajazimia. Anasema kilikuwa kama cha paka aliyefungiwa mlango. Baba alikuwa amechagua jina kabla hajafa. Suleiman.

Karatasi ya Maalim iko kwenye sanduku la Mama. Suleiman hayumo katika orodha, maana zake zote zimeshakwenda kwa warithi wake. Nimezitafuta leo, sehemu kumi na nne katika sitini. Zilikuwa 48,048. Nikarudi kwenye karatasi nikaangalia mbele ya jina langu. 48,048. Nimepiga mara mbili kuhakikisha. Nusu ya hizo nimezipata kwa Baba, nusu kwake yeye, na jumla ikawa sawa na yake.

Alasiri tumesoma Yasini, Mama na mimi. Kisha akawataja maiti wake mmoja mmoja, wazazi wake, Baba, Shangazi. Akanigeukia. Nikafahamu ananingoja. Nikasema, na Suleiman.

Tulikuwa hatujafunga msahafu seremala akapiga hodi chini, na boriti ya kwanza begani.